Daraja Lililokuja Bila Kadi

Kila Jumatano saa tatu asubuhi, baada ya chai na kabla ya gazeti, Mhandisi Mkuu alifuta majina. Aliifanya kazi hiyo akiwa ameketi wima, miwani puani, kitambaa safi mapajani. Kifutio chake kilikuwa kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Karani alimwekea mezani michoro ya wiki nzima: mitaro, makalavati, ngazi za zahanati, choo cha stendi. Chini, upande wa kulia wa kila mchoro, palikuwa na kisanduku kilichoandikwa IMECHORWA NA. Kwa desturi ya ofisi, mhandisi asiyetimiza miaka thelathini alijaza kisanduku hicho kwa penseli. Mhandisi Mkuu alifuta, akapuliza vumbi, akaandika jina lake kwa wino mweusi, akahamia mchoro mwingine.

"Penseli hufutika, wino hudumu," aliwaeleza vijana kila walipoajiriwa. "Na ofisi inataka kudumu."

Hakuna aliyempinga. Hoja yenyewe haikuwa na kasoro.

Aliyefutwa mara nyingi kuliko wote alikuwa msichana waliyemwita Futi. Alipewa jina hilo kwa sababu alitembea na futikamba kiunoni kama askari atembeavyo na kirungu, na kwa sababu alipima kila kitu: meza, milango, hata upana wa mabega ya wageni waliokuja kulalamika. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kwa miaka minne ofisini, kwa hesabu ya karani, alikuwa amechora kazi mia moja na kumi na nne, na zote zilikuwa zimedumu kwa jina la mwingine.

Kazi yake ya kumi na moja ilikuwa daraja la waenda kwa miguu. Lilivuka barabara yenye njia sita, upande mmoja nyumba, upande wa pili shule ya msingi. Kabla ya daraja, wanafunzi walivuka kwa kushikana mikono na kungoja mkubwa wao aseme "sasa!" Aliyekuwa akisema "sasa" alikuwa na miaka kumi. Daraja lilikuwa la chuma, urefu wa mita arobaini na mbili, nguzo nne, ngazi pande zote mbili. Chini ya ngazi ya upande wa shule palibandikwa bamba la shaba lenye jina la Mhandisi Mkuu, na kila Ijumaa tarishi alilisugua mpaka likang'aa.

Siku ya ukaguzi Mhandisi Mkuu alipanda juu, akaenda mpaka mwisho, akainama. Kati ya sakafu ya chuma na kichwa cha ngazi palikuwa na pengo la milimita ishirini na tano.

"Binti, hapa ulikosea kupima."

"Sikukosea, mzee. Chuma kikipigwa jua kinarefuka. Hiyo ni nafasi yake ya kujinyoosha."

"Kwani ni mtoto?"

"Kwa namna fulani."

"Ziba kwa zege. Sitaki daraja lenye mwanya, litaonekana linacheka."

Futi alijua kwamba daraja lisilo na nafasi lingepinda mgongo msimu wa kwanza wa joto na kung'oa nati zake, wanafunzi wakiwa juu. Alijua pia kwamba amri ni amri. Basi alikwenda kwa mama yake, fundi cherehani, ambaye wiki hiyo alikuwa akivisha viti mia tatu vya ukumbi mkubwa wa mji.

"Mama, nahitaji kipande cha sponji. Mita moja na nusu."

"Cha nini?"

"Cha kuziba pengo la daraja."

"Hicho hapo. Usikate kwa meno."

Futi alikishindilia kipande hicho pengoni, akakipaka rangi ya zege, akakinyunyizia mchanga kidogo kwa ajili ya heshima. Mhandisi Mkuu alirudi, akakigonga kwa ncha ya kiatu, akaridhika. Tangu hapo siri hiyo ilijulikana na watatu tu: Futi, mama yake, na daraja.

Misimu miwili ya joto ikapita.

Mjini hapo palikuwa na tuzo ya kila mwaka kwa wasichana wahandisi. Zawadi yake ilikuwa mhuri. Mwenye mhuri huo aliruhusiwa kutia jina lake kwenye michoro yake mwenyewe, kwa wino, awe na umri wowote. Ili pasiwe na shaka, jina lilichongwa jukwaani, mbele ya watu wote, na fundi mihuri aliyeletwa pamoja na kisu chake. Tuzo hiyo ilikuwa imetolewa mara tano. Mwaka wa kwanza msichana alikuwa kazini mbali, akapokea bosi wake. Mwaka wa pili, vivyo hivyo. Mwaka wa tatu msichana alikuwa na mafua. Mwaka wa nne alikuwa kazini mbali. Mwaka wa tano msichana alifika kabisa, akiwa amesuka, lakini ikaonekana kwamba mchoro wake una jina la mtu mwingine, na kamati huheshimu maandishi. Kwa hiyo tuzo ya wasichana ilikuwa imezaa mihuri mitano, yote ya wanaume, na kila mwaka hotuba ya kufunga ilisema kwamba wasichana wanapiga hatua.

Mwaka wa sita likashinda daraja. Barua ilisema jina litachongwa kama linavyosomeka kisandukuni. Mhandisi Mkuu aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima.

"Nitaupokea kwa niaba yenu," alisema. Alikuwa na mihuri minne tayari, mmoja wa akiba.

"Na Futi?" karani aliuliza.

"Futi ana mtaro wa kupima. Alhamisi, kutwa nzima."

Sherehe ilikuwa Alhamisi.

Jioni ile Futi alikaa kwenye kigoda akimsaidia mama yake kukunja pindo.

"Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa," mama alisema.

"Nimecheza, mama. Wanamtunza mwenye ngoma."

"Basi mwakani."

"Mwakani kutakuwa na mtaro mwingine. Bila mhuri huo nitakuwa penseli mpaka nizeeke."

Mama akakata uzi. "Mimi wamenipa kadi, kwa sababu ya vile viti. Nitakwenda nikae mstari wa saba nimtazame huyo mzee akipokea. Sitasema neno. Nitamtazama tu."

Watu waliowahi kutazamwa na mama huyo hawakupenda jambo hilo lijirudie.

Alhamisi, saa nne kasorobo, Futi alikuwa amepiga magoti mtaroni, karibu na ngazi ya upande wa shule, akiandika vipimo. Daraja likainua mguu wa kwanza. Likaukung'uta udongo kama paka aliyekanyaga maji, likauweka kando ya barabara. Likainua wa pili. Juu yake walikuwepo watu watano: muuza karanga na sinia lake, kijana mwenye tai aliyekuwa akienda kwenye usaili, na wasichana watatu wa darasa la sita waliotumwa chaki. Wote walishika vyuma vya pembeni.

"Unakwenda wapi?" Futi aliliuliza daraja.

Daraja likalia kwa chuma chake, kuelekea mjini.

"Bila mimi?"

Likamshushia ngazi. Futi alikunja futikamba, akapangusa magoti, akapanda.

"Kanyaga polepole," alisema. "Mguu wa tatu una nati mpya, hazijazoea."

Daraja lilitembea vizuri kwa umri wake. Kwenye taa nyekundu lilisimama. Askari wa trafiki alilikaribia akitaka kujua kama ni chombo cha moto.

"Hapana, afande," Futi alijibu kutoka juu. "Ni la waenda kwa miguu."

Askari akalitazama toka unyayo mpaka utosini. "Basi lipite pembeni, liwaachie magari."

Likapita pembeni.

"Mimi nilikuwa nashuka pale pale tu," alisema kijana mwenye tai.

"Utashuka tukirudi," alisema muuza karanga. "Usaili gani huo usiongoja? Chukua karanga, njaa haina adabu."

Huku nyuma, penye mashimo manne, askari mwingine alisimamisha magari kwa mkono ili wanafunzi wavuke. Dereva mmoja aliuliza daraja liko wapi. Akaambiwa lina udhuru, litarudi saa nane. Dereva alisema hilo halina neno, ila siku nyingine watangaze mapema.

Mlangoni mwa ukumbi alikaa bawabu mwenye orodha.

"Kadi?"

Daraja halikuwa na kadi. Bawabu alipitisha kidole kwenye karatasi, akafika penye neno Mshindi, akakuta pameandikwa Daraja la Waenda kwa Miguu. Akatia alama ya vema.

"Pita. Kaa kushoto, usizibe meza ya soda."

Likaingia kwa ncha za miguu, milango yote miwili ikiwa wazi, mpaka mstari wa saba. Nguzo mbili zilibaki nje, kwenye maegesho ya wageni waalikwa. Ngazi ilijishusha taratibu kando ya kiti cha fundi cherehani, naye akasogeza mkoba.

"Ndiye huyu?" alimuuliza Futi alipokuwa akishuka.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe mrefu hivi. Amefuata ukoo wa baba yako." Akakigusa chuma cha pembeni kwa kiganja. "Anaunguza! Mmemtembeza juani mtoto wa watu. Na ungenipigia simu, ningemshonea kitu. Mjukuu anakuja ukumbini kama alivyozaliwa."

Jukwaani mambo yalikuwa yamefika mbali. Mhandisi Mkuu alikuwa amemaliza hotuba yake kuhusu wasichana kupiga hatua. Fundi mihuri, mzee mwenye vidole vyembamba, alikuwa amekwisha andika jina kwenye mpira. Yeye huandika kwanza kwa penseli, kwa kinyume, halafu ndipo huchonga. Alikuwa ameshika kisu, na ncha yake ilikuwa imegusa herufi ya kwanza.

"Ngoja kidogo," alisema mwenyekiti wa majaji. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Ujanani aliwahi kuchora matangi mawili ya maji yenye majina ya wanaume, lakini matangi yale yalikuwa na haya, hayakuwahi kuja mjini. "Kazi iliyoshinda imefika yenyewe. Si vizuri kuipita bila kuiamkia. Mhandisi Mkuu, hebu tusaidie. Pale mwisho, upande wa shule, mchoro unaonyesha pengo. La nini?"

"Hakuna pengo, mheshimiwa. Lilikuwepo. Kosa la vijana. Niliamuru lizibwe kwa zege."

"Likazibwa?"

"Nililigonga mwenyewe kwa kiatu."

Sasa, daraja lilikuwa limetembea saa nzima kwenye jua kali, na kama kila chuma chenye akili lilikuwa limerefuka. Sponji lilikuwa limebanwa mpaka likakosa pumzi. Daraja likakohoa. Kipande kirefu cha kijivu kikaruka juu ya vichwa vya mistari sita, kikatua mezani kwa majaji, kikadunda mara mbili.

Mwenyekiti alikibonyeza kwa kidole. Kikabonyea, kikarudi.

"Zege hii ina moyo mwepesi," alisema.

"Sponji langu hilo!" fundi cherehani aliita kutoka mstari wa saba, akisahau ahadi yake ya kunyamaza. "Ni la viti hivyo hivyo mlivyokalia! Mita moja na nusu, na alikata kwa meno nikimwona!"

Watu mia tatu wakabonyeza viti vyao. Ikathibitika.

"Nani aliliweka?" mwenyekiti aliliuliza daraja.

Daraja likainamisha ngazi yake, vidato vyote kumi na vinane, kumwelekea Futi.

"Kwa nini milimita ishirini na tano, mwanangu? Kwa nini si kumi? Si hamsini?"

Futi alisimama. Magoti yake yalikuwa bado na tope la mtaroni.

"Ni mita arobaini na mbili za chuma, mama. Kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa kiangazi joto linapishana nyuzi arobaini. Hapo linarefuka milimita ishirini. Tano nilimwongezea, maana mtoto hukatiwa nguo kubwa kidogo."

"Kweli kabisa," alisema mama yake.

Majaji watatu walinong'onezana muda wa kumenya karanga nne. Kisha mwenyekiti akamgeukia fundi mihuri.

"Hilo jina umelichonga?"

"Bado. Ni penseli."

"Lifute."

Fundi akapapasa mifuko. "Kifutio nimesahau nyumbani. Kuna mwenye kifutio?"

Ukumbi mzima ulipapasa mifuko. Mwenye kifutio alikuwa mmoja tu, naye hakuwahi kutoka nyumbani bila hicho. Mhandisi Mkuu alikuwa mtu wa utaratibu. Aliombwa kifaa cha ofisi kwa shughuli rasmi, hadharani, na mwenyekiti wa kamati halali. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akakitoa, akakikabidhi kwa mikono miwili.

Fundi alifuta. Akapuliza vumbi.

"Haya dada, lete majina. Yote. Usinibanie, mpira upo."

Futi aliyataja matatu yote, la kwake, la baba na la babu. Yakachongwa moja baada ya jingine, na nafasi ikabaki ya nukta. Fundi akaweka nukta. Mhuri ulipogongwa mara ya kwanza kwenye karatasi, wale wasichana watatu wa darasa la sita walipiga kelele iliyovunja glasi mbili. Daraja likaanza kuyumba kushoto na kulia, na kwa kuwa nusu yake ilikuwa ndani, ukumbi ukacheza nalo. Mhandisi Mkuu alipiga makofi kama wengine, tena alipiga vizuri. Muuza karanga alimaliza sinia. Kijana mwenye tai akagundua kwamba bwana aliyekaa mstari wa tatu ndiye aliyepaswa kumsaili. Wakasailiana pale pale, wakiwa wamesimama kwenye kidato cha sita cha ngazi.

Kurudi, nusu ya wageni walipanda. Daraja liliwashusha kila mmoja kwake, mama yake Futi akiwa wa mwisho, na saa nane kamili likaingiza miguu yake kwenye mashimo yale manne. Isipokuwa liliingia kinyume. Ngazi iliyokuwa upande wa shule sasa ikawa upande wa nyumba, na bamba la shaba likatazama ukuta wa nyuma wa choo cha stendi kilichoko upande huo, umbali wa dhiraa moja. Hakuna aliyeuliza kama ilikuwa kusudi. Mtu akirudi kutoka kwenye sherehe huweza kukosea hata mlango wake.

Ijumaa ukatoka waraka. Ulisema kwamba daraja limekatwa nusu siku ya likizo. Ulisema kwamba ofisi inajivunia mhuri wa Futi. Ulisema pia kwamba, ili kulinda desturi, mihuri ya wasiotimiza miaka thelathini itatumia wino wa kijivu utakaotolewa na stoo, wino huo ukiwa umechanganywa na unga wa penseli.

Jumatano iliyofuata, saa tatu, baada ya chai na kabla ya gazeti, Mhandisi Mkuu aliketi wima, kitambaa mapajani. Majina matatu yalifutika vizuri, nukta ikasumbua kidogo. Na kila Ijumaa tarishi hulisugua bamba kama zamani, akipita ubavu kati yake na ukuta wa choo, akivuta pumzi kwa mdomo.

Mhandisi Mkuu aliagiza daraja ligeuzwe. Daraja haligeuzwi bila mchoro, na mwenye kuvijua vipimo vyake ni mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi saa moja na nusu Futi hufika na futikamba, kwa amri ya ofisi. Daraja hushusha kidato cha kwanza vidole viwili, kama mtoto aamkiavyo.

"Marahaba," Futi husema, na kupanda.

Hukagua pengo, ambalo mama yake ameliwekea sponji jipya, jekundu, lililokatwa kwa mkasi. Wanafunzi humpita wakikimbia, watatu kati yao wana futikamba viunoni. Kisha anarudi ofisini kuchora. Anachora polepole sana. Amefika ukurasa wa tisa.

Jumatano iliyopita ukurasa wa tisa ulifutwa. Alhamisi asubuhi karani alipofungua ofisi, alikuta kalavati limesimama mlangoni, lina tope, linaomba ruhusa ya nusu siku kwenda mjini. Karani alilitazama, akaitambua kazi ya nani. Akafungua daftari la ruhusa, akaandika kalavati chini ya jina la daraja. Halafu, kwa kuwa alikuwa na rula mkononi, akapiga chini yake mistari mingine mia moja na kumi na miwili ya kazi zilizobaki, kwa wino, ili asipate taabu baadaye.